Siku Niliyosema Ninamuleta Baba Kupanda Gurudumu

Aibu hii nimeikalia muda murefu, na wenye walikuwa pale wanaicheka mpaka leo nikipita sokoni, basi heri niiseme mwenyewe kwa kinywa changu, maana ukiacha wengine wakuelezee wataongeza chumvi na pilipili (tayari wanasema nilivua suruali, ni uongo, sikuvua). Lakini muniache nianze mbali. Shule yangu ni miaka mitatu tu, na kufupisha maneno wanafundisha mwaka wa nne.

Wakati wa vita, siku tulipokimbia Kindu, baba yangu Amisi alikataa kwenda kwa miguu. Alikuwa muzee sana, lakini si miguu iliyomushinda, ni heshima. Maisha yake yote alifanya kazi ku mashua, anasimama mbele na fimbo ndefu kupima maji, na alisema muntu wa maji hakimbii porini kama panya. Basi nikamukalisha nyuma ya kinga, ile baiskeli yetu moja, nikasukuma siku nne, watu wanakimbia, risasi zinasikika kule nyuma, na yeye ameketi kama sultani, ananikemea: "Saidi, wewe! Unasukuma kama muntu anayebeba muhogo! Iko shimo pale, huoni?" Nilikuwa muntu muzima, mvi zimeanza, watoto sita wananifuata, na nilijibu "Ndiyo, baba." Alikufa kule kule porini, kwa homa, na hatukuwa na sanda, tulimuzika na kitenge cha muke wangu. Hiyo inaniuma bado. Lakini si hiyo nilitaka kusema.

Nilitaka kusema jina. Kwetu jina halizikwi. Binti yangu Zaina alipozaa mutoto mwanaume, miaka mingi baada ya vita, tulimupa jina Amisi, na toka siku ile mutoto yule njo baba yangu. Si muchezo. Ninamuita Baba, wadogo zangu wanamuita Baba, na yeye, toka alipoanza kusema, ananiita Saidi, ao "mwanangu" akiwa na furaha. Miguu yake haikupata nguvu. Daktari alieleza sana, mimi nilielewa tu kwamba haitasimama. Nyumbani anatembea kwa mikono, mbio, umukamate kama unaweza, na njia ikiwa ndefu, anapanda mugongo wangu.

Alipofika miaka tisa, Zaina akasema twende konje, matembezi ya likizo, maana shule ilikuwa imefungwa. (Wenye uwezo wanaenda konje Bukavu. Sisi wa Alunguli tulivuka muto, tukalala siku tano kwa dada yangu, upande wa mujini. Mucheke tu. Tulibeba masanduku kabisa, na dada yangu alitupokea ku poro, pale mitumbwi inapofikia, kama watu wanaotoka Ulaya.) Sababu ilikuwa moja: karibu na gare, kituo cha treni, walikuwa wameshusha michezo ya mashini, farasi wa mbao wanaozunguka, ubao mukubwa wa kutelezea, na gurudumu la viti nane linalopanda kupita paa la gare. Watu wakapaita Paradizo. Amisi aliliona gurudumu likisimamishwa, yeye akiwa ng'ambo kwetu, na toka pale hakusema kitu kingine, asubuhi gurudumu, ku chakula gurudumu. Akaniambia: "Saidi, mimi ninajua miti kwa chini tu. Nataka kuiona kwa juu." Nikaahidi. Na muntu hamuvunjii baba yake ahadi.

Siku moja kabla ya kufungua, nikaenda peke yangu kuuliza. Nikamukuta Patrice, kijana wa kushika mikro ya kipaza sauti, njo aliyesimamia kila kitu.

"Muntu asiyeweza kutembea, munamupandisha?"

"Ni nani huyo, papa?"

"Njo baba yangu."

Nilisema hivyo kwa moyo safi, wallahi. Muntu wa kwetu angeuliza palepale, "Baba wa kuzaa ao baba wa jina?" Lakini Patrice alitoka mbali, na akili yake ilikuwa ku mashini. Akaangalia mvi zangu, akaangalia meno yangu machache yaliyobaki. "Papa, wewe uko na mvi hivi, na baba yako angali muzima?"

Hapa, ndugu zangu, hapa njo nilipokosa. Nilifungua kinywa nimueleze. Lakini alikuwa ameisha kunivutia kiti chenye mito, na mama mumoja akanishikisha Fanta, baridi mpaka chupa inatoka jasho, na Patrice anasema "Karibu, muzee, ni heshima kwetu," na mimi toka nizaliwe hakuna mahali walinikaribisha na kiti cha mito. Nikasema moyoni, nitaeleza nikimaliza Fanta. Nikamaliza. Wakaniletea ya pili.

Asubuhi yake tulikuwa tunakunywa chai, pikipiki ikapita na kipaza sauti: "Leo saa nane, Paradizo inafunguliwa na muzee kuliko wazee wote wa Kindu! Mutoto wake tu iko na mvi kichwa kizima! Kujeni muone!"

Dada yangu akasema, "Muzee gani huyo hata mimi simujui?" Nikamwaga chai. Zaina akaniangalia (iko na macho ya mama yake, yanachimba).

"Papa, ulisema nini kule?"

"Nilisema kweli."

"Kweli gani?"

"Nusu."

Ningeweza kwenda kusahihisha, muda ulikuwepo. Lakini Amisi alikuwa ameisha kuoga, amevaa shati jeupe, amejipaka mafuta mpaka anang'aa, na niliogopa wakisikia mapema kwamba ni mutoto wa miguu hii watasema hapana. Nikajidanganya kwamba tukifika mbele ya watu wote wataona haya kutukatalia.

Ee, watu walivyokuwa wengi! Shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa, na kofia yake ya kazi, wamama wa vigelegele, kiti cha mikono kimefunikwa kitenge kipya, na Patrice juu ya meza: "Anakuja! Mumufungulie muzee njia!" Njia ikafunguka, na mimi natokea, mutoto mugongoni. Patrice akaangalia nyuma yangu. Akaangalia nyuma ya Zaina. Akashuka na mikro yake mukononi.

"Papa, muzee iko wapi?"

Nikageuka nimuonyeshe mugongo. "Njo huyu."

Mikro ilikuwa inafanya kazi.

Kicheko kile, sijui nikifananishe na nini. "Muzee angali ananyonya!" "Mumuulize alioa mwaka gani!" Shefu alivua kofia, akaivaa tena, akaivua. Patrice peke yake hakucheka. "Papa, umefanya muji muzima unicheke." Halafu akaona ile miguu inavyoning'inia, na sauti yake ikashuka. "Na huyu hawezi kupanda. Kiti kiko na munyororo mumoja tu, lazima muntu ajikaze kwa miguu. Samahani, papa."

Nikasikia kidevu cha Amisi kinakuwa kigumu juu ya bega langu. Hakulia. Mimi njo nilitaka kulia. Nikaanza kugeuka turudi, na hapo akanipiga kofi juu ya kichwa.

"Saidi! Simama."

"Ndiyo, baba." Nilijibu bila kufikiri, vile ninavyojibu nyumbani kila siku, na mikro ikabeba jibu langu mpaka nyuma kabisa.

"Ulimudanganya huyu muntu?"

"Sikumudanganya, baba. Niliacha tu akose."

"Kwa nini?"

"Fanta, baba."

"Omba musamaha."

"Nisamehe, baba."

"Si mimi! Yeye!"

Basi nikavua kofia, mimi na miaka yangu sitini na kitu, nikamuomba Patrice musamaha mbele ya Kindu nzima. Mama mumoja muuza ndizi akasema kwa nguvu: "Munacheka nini? Muzee huyu hakusema uongo. Hamusikii anavyomuogopa? Njo baba yake kabisa!" Na shefu akakohoa: "Jina njo muntu. Mimi wote munaniogopa hapa, lakini mujukuu wangu mwenye jina la mama yangu ananichapa." Wakacheka tena, lakini kicheko kingine, na wakaanza kuita: "Mupandishe muzee! Mupandishe muzee!"

"Sikatai kwa ubaya," Patrice akasema. "Na akianguka?"

Zaina akafungua kitenge chake cha juu. "Miaka tisa hajaanguka kwa papa yangu. Muwafunge pamoja."

Hiyo sikuwa nimeifikiria. Mimi hata ngazi ya kuezeka nyumba ninamuachia jirani. Lakini wakanikalisha, Amisi juu ya mapaja yangu, Zaina akapitisha kitenge, akakaza fundo tatu vile wamama wanafunga muzigo wa njia ndefu, na gurudumu likaanza.

Sitaficha. Mara ya kwanza nilifumba macho. Mara ya pili niliita, "Baba! Baba yangu, ninakufa!" na Amisi, mikono miwili ku munyororo, akajibu kwa sauti kubwa, "Niko hapa, mwanangu! Usiangalie chini!" Kule chini watu walikuwa wanashikana wasianguke kwa kucheka. Mara ya tatu ile gurupe inayotoa umeme ikazimika, na sisi juu kabisa, kiti kinayumba, na hapo njo suruali yangu ililowa. Nimesema. Haikuvuliwa, ililowa.

"Saidi, fungua macho. Ule muti wa gare uko na maua kwa juu. Hamukuniambia."

Nikafungua jicho moja. Alikuwa amenyoosha mugongo, anahesabu mitumbwi ku muto, na anapungia watu mukono polepole, kama muntu aliyezoea. Mutoto huyu kila siku anaona watu kuanzia magoti. Siku ile, shefu, Patrice, wote walikuwa wamenyanyua vichwa kumuangalia yeye. Nilisikia kifua changu kinajaa, na suruali hii hii imelowa.

Walipotushusha, vijana wakizungusha gurudumu kwa mikono, shefu akamupa Amisi mukono. "Muzee, kule juu namna gani?"

"Kuzuri. Lakini mwanangu ni muoga."

Alipanda siku zote tatu zilizobaki, na mama yake, na siku ya tatu Patrice alikuwa ameweka mukanda wa ngozi ku kiti kimoja. Mimi niliambiwa tu. Nimejifunza kwamba muntu akikuuliza unamuleta nani, taja miaka kwanza, ukoo baadaye, na usipokee chupa kama hujamaliza kusema. Na siku ile walipofungua fundo, nilimupa Zaina mutoto, nikashika kofia mbele ya suruali, nikapita kati ya watu. Nikasikia gurupe inawaka tena, na Patrice akaniita ku mikro, mara mbili. Halafu nikasikia sauti ya Amisi: "Mara ingine!" Sikugeuka. Nilifuata reli, nikaenda zangu, na pale sijakanyaga tena.