Hitimisho la Mkwe

Asubuhi ile Ayuma hakutulia. Alisugua sufuria iliyokuwa safi, akafungua dirisha, akalifunga kwa sababu ya moshi wa viwanda vya mtaa wa Baba Dogo, akarudi mezani kuitazama tasnifu ya mkwe wake kuhusu vibarua wa viwandani. Sura ya mwisho ilikuwa nzuri kupita kiasi, na aliyeiandika ni Ayuma mwenyewe.

Tangu astaafu ualimu, wanafunzi wa vyuo humfuata hapa mtaani Lucky Summer awapitishie kazi zao macho. Ana utaratibu wake. Akikuta sentensi isiyoeleweka, hufunika karatasi kwa kiganja na kumwambia mwenye kazi, "Niambie ulichotaka kusema." Mwanafunzi husema, kisha huandika kwa mkono wake. Anayetaka kuandikiwa huonyeshwa mlango.

Lakini Opicho ni mume wa bintiye, Lenah. Kwao magharibi, kwa mila ya heshima, mama mkwe na mkwe hawakai meza moja, na hata salamu za simu hupitia kwa Lenah. Karatasi nazo zikapitia kwa Lenah. Ayuma alipokwama hakuwa na wa kumuuliza. Alianza kwa kubadilisha neno, akaunga sentensi, akajaza aya. Alipofika kwenye hitimisho, ambalo Opicho alikuwa ameliacha na mistari michache, aliandika kurasa nzima huku akijifurahia. Na kesho Opicho angesimama mbele ya watahini kuitetea kazi hiyo.

Nakala ya hitimisho Lenah alikwisha kumpelekea mumewe, lakini alipokuja kuchukua kazi yenyewe, mama yake alikataa kuitoa.

"Mama, wenzake wanaandikiwa kitabu kizima."

"Hao si wakwe zangu. Wakimuuliza kwa nini vibarua wanaacha kazi, atajibu kwa mdomo wa nani? Mlete. Yeye akae sebuleni, mimi jikoni."

Lenah akacheka. "Kwani ni kitubio? Anakuja kuungama?"

"Mmoja wetu ataungama."

Opicho alifika amevaa ovaroli ya kiwanda anakosimamia zamu. Pazia la jikoni likashushwa.

"Baba," Ayuma alianza, akimwita mkwe kwa heshima, "vibarua wanaacha kazi kwa nini?"

Opicho akakariri hitimisho bila kukosea.

"Hayo ni yangu, na ilikuwa makosa kukuandikia. Wewe uliona nini?"

Kiti kikalia sebuleni.

"Mama, wengi huondoka kwa kuwa hawajui kama kesho wataitwa. Lakini kuna wanaoitwa kila siku na bado wanaondoka. Hao sikuwauliza."

Ayuma akalifungua hitimisho. Hapo hasa ndipo kurasa zake zilipokuwa tamu. Alikuwa ameziba tundu asilojua kama lipo.

"Liandike hilo."

"Watahini wanaweza kunirudisha nyuma mwaka mzima."

"Wanaweza."

Ayuma akazikata kurasa zake kwa mstari mmoja mrefu, akazipitisha kando ya pazia. Lenah alizipokea bila kumtazama mama yake. Kalamu ikaanza upande wa pili, ikasita.

"Mama, nikisema sikuwauliza inatosha, ama nieleze sababu?"

Ayuma alikuwa na jibu, limekamilika. Akaligeuza mdomoni, akalimeza.

"Wewe waonaje, Baba?"