Kumwangusha Mtoto wa Watu

Raga nilijifunza mwenyewe, kwa video za kwenye simu, nyuma ya nyumba yetu mlimani. Sikuwa na mtu wa kumkaba, kwa hiyo niliikaba migomba ya mama. Wa kwanza kuanguka ulikuwa na mkungu, na kabla sijaangalia kama mama ameniona, niliuambia pole.

Kwetu mtu akijikwaa unampa pole hata kama ulikuwa chumba kingine. Mimi nimezidisha. Nikishasema napata wasiwasi kwamba haikutosha, nasema tena. Ndivyo nilivyoingia kwenye timu yetu ya taifa, kwa ajili ya mashindano madogo hapa Moshi ya nchi nne ambazo katika raga hakuna anayeziogopa. Kwenye mazoezi Shirimatunda niliwaangusha wenzangu vizuri kabisa, bega mahali pake, kichwa mahali pake, kisha nikasimama kumshika mtu mkono na kumuuliza ameumia wapi. Mpira wenyewe uliendelea na safari.

Kocha, fundi magari wa Pasua, alivumilia mpaka siku moja kabla ya mechi.

"Dogo, kesho ukimpa mtu pole, nakutoa."

"Hata akiumia?"

"Akiumia kuna daktari. Na nikikutoa, mechi ya pili usije na viatu."

Mama alikuwa anakuja kunitazama kwa mara ya kwanza. Alishuka na wenzake wa kwaya, wote kwenye vitenge vya sare, wakakaa karibu kabisa na mstari.

Kipindi cha pili winga wetu alibanwa na misuli, nikaingia. Haikuchukua muda, mgeni mmoja mpana kama mlango wa ghala akanijia na mpira. Hawa walikuwa majirani zetu, Kiswahili wanakijua. Nilishuka, nikamzungushia mikono mapajani, akaanguka mzima mzima. Sijawahi kufanya kitu kizuri hivyo maishani. Nikainuka, nikauokota mpira, nikafunga mdomo. Mbele yangu hapakuwa na mtu.

"Wewe," ilisema sauti ya mama. "Umemwangusha mtoto wa watu, halafu unakimbia?"

"Labda amempa pole kimoyomoyo," mwenzake akanitetea.

"Kimoyomoyo itamfikiaje? Mgeni huyo, hata chai yetu hajanywa."

Niligeuka. Mama alikuwa ananitazama, na kocha alikuwa ananitazama.

"Pole sana, kaka," nikasema.

"Asante," akajibu yule bwana, bado yuko chini.

Hapo hapo mwenzake akanigonga ubavuni, mpira ukanitoka, wakaenda nao mpaka nyuma ya mstari wetu. Kocha akanitoa.

Nilikaa benchi na taulo kichwani, nikiaga raga. Mama akazunguka uwanja mzima mpaka tulipo. Kocha akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayewakataza watoto kusema pole?"

"Hapana, mama. Wanasema baada ya filimbi."

"Na huyu ulimwambia hivyo?"

Kocha akanitazama. Nilitoa taulo. Angeniambia hivyo tangu mwanzo, usiku ningelala. Mtu wa aina yangu ukimwambia asifanye anachanganyikiwa, lakini ukimwambia lini afanye, anatulia.

"Sikumwambia," akakiri.

"Basi mwambie."

Akaniinamia. "Dogo, pole zako zitunze. Filimbi ya mwisho ikilia, gawa zote. Mechi ya pili unaanza. Ukigawa mapema, namwita mama yako."

Mama akaridhika, akarudi kwa wenzake.

Filimbi ya mwisho ilipolia tulikuwa tumefungwa vibaya. Hata hivyo niliwapitia washindi mmoja mmoja, nikawapa pole, yule mpana nikampa mara mbili. Wa mwisho kwenye mstari alikuwa na jezi safi, bila hata tone la tope.

"Mimi sikuingia," akaniambia.

Nikampa pole ya hilo.