Siku Bahari Iliporudi Morecambe

Klementina Jilala alikuwa mkulima wa pamba wa kijiji cha Kasoli, mjane wa miaka sitini na kitu, na treni alikuwa hajawahi kuipanda. Mwaka mmoja, pamba ilipokwisha kuuzwa, binti yake Nancy, nesi katika mji wa Leeds huko Uingereza, alimtumia tiketi ya ndege.

Wiki za kwanza zilimchosha. Nancy alikwenda kazini, naye akabaki ghorofani akitazama kuta za matofali. Hakukuwa na mtu wa kusalimiana naye.

"Ng'wanone, mwanangu," alisema siku moja, "nirudishe nyumbani. Huku kila mtu amejifungia kwake."

"Jumamosi sina zamu, mayu. Nitakupeleka ukaone bahari. Tunaenda kwa treni, jioni tumerudi."

Klementina hakufurahi sana. Maji mengi alishayaona. Dada yake aliolewa Mkula, karibu na ziwa, na mara nyingi walikwenda pamoja ziwani kununua dagaa. Lakini Jumamosi ilipofika alijifunga kitenge kipya, akamfuata binti yake.

Treni iliondoka bila mshtuko, hata akadhani ni stesheni inayosogea. Mji ulipokwisha vikaanza vilima vya kijani na kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wa kuzishika. Akaona ng'ombe wamelala kwenye majani marefu, wamenona, hakuna mtu karibu. Aliweka kiganja kwenye kioo.

"Hawa nani anawachunga?"

"Kuta ndizo zinawachunga, mayu."

Walishuka Morecambe, mji wa pwani.

Walitembea hadi kwenye ukuta wa ufukweni, na hapo Klementina akasimama. Mbele yao hapakuwa na maji. Kulikuwa na mchanga na tope linalong'aa, limetandazwa hadi kule mbali ilikosimama milima ya bluu. Mashua zililala ubavu juu ya tope.

"Bahari iko wapi?"

Nancy aliona aibu. "Imetoka. Sikuangalia saa zake. Mwezi unayavuta maji, yanatoka na kurudi kila siku."

Klementina alitazama juu. Ulikuwa mchana mweupe, mwezi hauonekani. Akavua viatu, akashuka ngazi, akaanza kukanyaga mahali palipokuwa bahari. Tope lilikuwa baridi. Walikuwa hawajafika mbali waliposikia mtu akiwaita kutoka ukutani. Ni mzee wa Kizungu mwenye mbwa, anapunga mkono warudi.

"Anasema tusiende huko," Nancy alitafsiri. "Maji yakianza kuja yanamshinda mtu mbio, tena yanamzunguka kwa nyuma."

Walirudi. Klementina akakunja magoti kidogo, akamsalimia mzee kwa Kisukuma, "Mwadila." Mzee hakuelewa, ila alivua kofia. Akawapisha kwenye benchi lake. Alizaliwa hapo hapo, alisema, na huja karibu kila siku kuitazama bahari ikirudi.

"Muulize kama hajaichoka."

Nancy akauliza. "Anasema bado."

Kwanza ulionekana mstari mweupe, mwembamba, huko mbali. Kisha mifereji kwenye mchanga ikaanza kujaa, mmoja baada ya mwingine. Klementina alisimama. Mito ya kwao hukauka ikabaki mchanga, halafu mvua ikinyesha mbali maji hushuka kwa ghafla yakinguruma, yamebeba magogo na mizoga. Haya yalikuja bila mvua na karibu bila sauti. Yalifika chini ya mashua, nazo zikatikisika, zikasimama wima zenyewe. Pale alipokanyaga yeye palikuwa na maji ya kumzamisha mtu.

Alishuka tena ngazi mbili, akachota kwa kiganja, akaonja.

"Chumvi yote hii," alisema. "Ng'ombe wangu wangefika hapa, wasingekubali kuondoka."

"Mayu, treni yetu inaondoka sasa hivi."

"Iache iende. Si zipo nyingine?"

Wakaketi. Klementina alisema, akiwa bado anatazama maji, "Baba yako alikufa hajui kama kitu hiki kipo. Na mimi nilikuwa karibu kufa hivyo hivyo."

Nancy alimshika mkono. Waliondoka kwa treni ya jioni, jua bado liko juu, maana huko majira ya joto huchelewa kuzama, na Klementina hakuzungumzia tena kurudishwa nyumbani. Alikaa hadi siku ya tiketi yake ya kurudi.

Aliporudi Kasoli aliwasimulia wanawake wa jumuiya yake ya kanisani. Baadhi walicheka, bahari itaondokaje. Hakubishana nao. Ila jirani yake Violeth hakucheka, alimwuliza kwa sauti ndogo kama aliogopa.

"Niliogopa," Klementina alisema. "Nikatamani siku ile isiishe."