Alama ya Patasi

Leo asubuhi, katika gereji ya bosi ninayemwendeshea gari hapa ughaibuni, Umm Salal, nilifunga ubao wa kutundikia vifaa ukutani. Nilipoipangusa patasi kwa kitambaa chenye mafuta, harufu ile ilinirudisha kwenye karakana ya baba.

Baba alikuwa seremala. Kila kifaa kilikuwa na msumari wake ukutani, na umbo lake limechorwa kwa mkaa. Hakuna aliyekula chakula cha mchana kabla kila alama haijapata kifaa chake.

Siku moja niliiba patasi yake nzuri, nikajificha nayo chooni nichonge gari langu la mti. Ikaniponyoka, ikatumbukia shimoni. Mchana baba aliiona alama tupu, akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa akifanya naye kazi.

"Patasi umeiweka wapi?"

"Niliitundika, kaka. Au ukuta wako siku hizi unakula vyuma?"

"Ukuta haujaniibia hata siku moja."

Baba mdogo aliacha kucheka. Alikung'uta vumbi la mbao magotini, akachukua msumeno wake, akanipapasa kichwa, akaondoka. Hakurudi tena.

Nimejitetea miaka mingi kwamba nilikuwa mtoto. Lakini nilikuwa mkubwa wa kutosha kusema, "Ni mimi."

Baba hakuifuta alama ile. Kila mchana tulikula mbele ya alama hiyo tupu, na mimi nilichagua kukaa nikiipa mgongo.