Viazi Ndani ya Majani

Nilipoolewa huku Kingi, kilichonichosha kwanza si baridi ya Masisi, ni majina ya chakula. Kwetu Walikale mama yangu aliita majani ya muhogo pondu, na maharagi madesu, kama wafanyabiashara wanaotoka Kisangani. Mama mukwe wangu alisema sombe na maharagi, na alinisahihisha mbele ya wageni kama mutoto wa shule. Moyoni nilikuwa nachemka.

Halafu baba yangu akafa, na mama akaletwa kwangu kwa pikipiki, amebeba kitambaa na sufuria. Alikaa jikoni akatazama moto. Hakula.

Mama mukwe alimuletea maziwa. Nyumbani mwake mwenye kufiwa anapewa maziwa kwanza, ya ng'ombe anayependwa kuliko wote, ndani ya kikombe cha mti ambacho watoto hawakigusi. Mama yangu aligeuza uso. Sisi wa pori hatufugi ng'ombe. Kwake yeye, maziwa ya kikombe ni ya mutoto muchanga aliyefiwa na mama yake.

"Wananiona yatima?" aliniuliza polepole.

Mama mukwe alichukua kikombe chake, akatoka.

Niliogopa sana. Mama alikuwa anakauka mbele ya macho yangu. Nilimubembeleza, nikamugombeza, nikamwambia watu wa hapa nao wanakula na wanaishi. Tukaishia kulia machozi bila sauti.

Kwetu, mwenye msiba analishwa liboke: samaki wa mto, mawese na chumvi, vimefungwa ndani ya majani na kuwekwa juu ya makaa. Anafungua mwenyewe, mvuke unamupiga usoni, na hapo njo analia kwa sauti. Nilimueleza bwana yangu hayo kwa hasira, nikisema hapa kwao ningepata wapi samaki wa mto. Mama mukwe alikuwa nje, anachambua maharagi. Alisikia yote.

Siku ya soko alikwenda Kitshanga na magoti yake mabovu. Alirudi na chupa ya mawese. Samaki hakupata. Basi akafunga viazi. Viazi vya Masisi, jamani! Akavipaka mawese, akavizungushia majani ya ndizi, akaviweka juu ya makaa. Nilishikwa na haya. Nani Walikale amewahi kufunga viazi?

Akapiga magoti mbele ya mama yangu. "Mama, sijue kama inafungwaka hivi. Fungua."

Mama alifungua. Mvuke ukamupiga. Akatazama ndani, akaanza kucheka. "Ee Mungu wangu, viazi!" Kicheko kikageuka kilio, kile cha sauti nilichokuwa nakingojea. Halafu akala, akalamba na mawese yaliyobaki kwenye jani.

Waliishi pamoja miaka mingi. Mumoja akisema pondu, mwingine anajibu sombe, kwa uchokozi tu.

Mwaka huu tumemuzika mama yangu hapa Kingi, mbali na mto wake. Majirani walileta maziwa. Mama mukwe, yeye mwenyewe, aliyakataa.

"Wa kunikatalia maziwa hayupo tena," alisema. "Kata majani."

Nilikata majani, nikafunga viazi. Alifungua mwenyewe, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani.