Jalada Moja la Fundi Saa

Nilipanga chumba juu ya duka la fundi saa miezi mitatu baada ya fundi mwenyewe kufariki. Duka lilikuwa limefungwa, lakini mjane wake bado alizitia ufunguo saa za ukutani kila asubuhi. Nyumba iliyozoea kelele, alisema, ikinyamaza inatisha.

Mjane huyo alikuwa amestaafu ukarani wa masjala. Mumewe alimwachia wateja ambao yeye wala mumewe hawakuwahi kuwaona: watu wa nchi za mbali waliomwandikia fundi barua pepe kumwuliza habari za saa kuukuu zilizowagomea. Fundi aliwajibu bure. Kwanza aliandika jibu kwa lugha yake, kisha akalifasiri kwa kamusi na kutuma ile tafsiri. Lile la lugha yake lilibaki kwenye faili moja la maandishi, la miaka kumi na moja, anwani zimechanganyika na springi na pendula. Nenosiri la barua pepe alikwenda nalo kaburini.

"Wapo wanaomngoja awajibu," mjane aliniambia. "Mtu hafi kimyakimya kama paka. Nikishawaambia, ndipo nikae nimsome mwenyewe, barua moja kwa siku. Sijagusa hata moja. Ni akiba yangu."

Ili azitoe anwani hizo alijiandikisha darasa la wanaoanza la Python, lugha ya kuiamrisha kompyuta, pale maktaba, kila Jumanne saa nane mchana.

"Bibi, ukishajua hii si utatuvunjia benki?" kijana mmoja alimtania.

"Nitaanza na simu yako, mume wangu, nijue unamwandikia nani."

Darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu, binti wa rika la kitinda mimba wake, alimwonyesha hatua kwa hatua: fungua faili, pitia mstari mmoja mmoja, ukate mstari uwe maneno, na kila neno lenye alama ya @ ulitie kwenye orodha, baada ya kuondoa nukta au mkato ulionata mwishoni. Jumanne ya nne anwani zilimiminika kwenye skrini, mia moja arobaini na tatu. Mama wa watu alipiga meza kofi kama aliyeshinda bao.

Kilichobaki ni kuzihifadhi, na hilo alilifanya nyumbani, peke yake. Masjala ilikuwa imemlea kwa sheria moja: jambo moja, jalada moja, anayefungua jalada la pili kwa jambo lile lile anatafuta kupoteza karatasi. Kwa hiyo hakutunga jina jipya. Aliandika jina la faili la barua, kisha herufi w, aliyofundishwa kuwa ni ya kuandika. Kwake yeye, kuandika kwenye jalada ni kuongeza karatasi juu ya zilizopo. Kwa Python, w hufuta kila kitu kwanza, ndipo iandike.

Alipolifungua faili alikuta anwani mia moja arobaini na tatu, zimejipanga safi. Chini yake hapakuwa na kitu.

Jumanne iliyofuata mwalimu aliisoma ile mistari ya mjane mara mbili, akavua miwani.

"Mama, una nakala?"

"Nakala ya nini? Jalada lilikuwa moja."

"Kosa ni langu. Nilipaswa kuwaonya."

"Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Usilie, utaniliza." Naye alikuwa analia tayari.

Watu wale aliwaandikia hata hivyo, kwa kamusi ya mumewe: fundi amefariki, na kama umehifadhi barua yake yoyote, nirudishie. Zaidi ya nusu ya anwani zilikuwa zimekufa. Wengine walitoa pole wakaishia hapo. Tisa walituma barua, ila walichokuwa nacho ni ile tafsiri ya kamusi, katika lugha ambazo mjane hakuzijua. Mimi, mfasiri kwa kazi, nilizijua, basi kazi ya kuzirudisha nyumbani, kwenye lugha ya fundi, ikaniangukia.

Tuliketi kwenye benchi la kazi la marehemu. Nilianza: "Tafadhali usiilazimishe springi..."

"Hakusema hivyo! Miaka thelathini na minne sijasikia tafadhali mdomoni mwake. Andika: 'We, usiishike kwa pupa.'"

Nikafuta, nikaandika vile. Tulikwenda hivyo barua saba, yeye akinigombeza kana kwamba mimi ndiye niliyemharibia mumewe maneno, mara nyingine akicheka hadi anajifuta macho.

Ya nane fundi alimwandikia mtu aliyefiwa na baba, akaachiwa saa mbovu. Nilimsomea kama ilivyokuwa: "Pole kwa baba yako. Iache saa kwanza. Itengeneze ukipata nguvu."

Nikangoja anisahihishe. Midomo yake ilisogea, akiyajaribu maneno yale bila sauti, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Hapo sijui angesemaje," akasema. "Sijawahi kumsikia akimliwaza mtu."

Akanisogezea karatasi. "Andika tu hivyo hivyo."