Hodi ya Mwenye Nyumba

Kila jioni fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, alisimama mbele ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, akatua kisanduku cha vifaa, akasema, "Hodi." Kisha akangoja. Jua liwake, mvua inyeshe, hakugusa kitasa mpaka aliye ndani amkaribishe. Desturi hiyo hakuiacha mpaka alipolazwa na ugonjwa.

Majirani walimcheka. "Cheche, kwako mwenyewe unabisha kama mchumba anayeogopa wakwe?"

"Kwa teke nimeshaingia vya kutosha, jirani," alijibu, na kicheko kikafia hapo hapo.

Ndani, kwenye cherehani, bintiye alisikia na kusaga meno. Mkono wake wa kushoto haukunyooka tangu utotoni, tangu jioni ile baba alipokuja amelewa, binti akaegemeza mgongo mlangoni ili mama apate kutorokea uani. Mtu aliyewaundia watu milango isiyovunjika aliuvunja wake kwa teke moja, ukamwangukia mwanawe. Kiwiko kiliunga vibaya.

Sasa eti ameokoka. Alipoacha pombe, kanisa lilimsimamisha mbele atoe ushuhuda, watu wakapiga makofi na vigelegele. Binti alikaa benchi la nyuma akijiuliza makofi hayo yanapigiwa nani, aliyevunja au aliyevunjwa. Nyumbani, aliyeitikia "karibu" alikuwa mama, mwenye moyo mwepesi wa kusamehe. Mama alipofariki, ikabaki hodi na binti.

Binti hakuitikia. Alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili kelele zake ziimeze sauti ile. Baba aliketi kwenye ngazi mpaka binti atoke kuanua nguo, ampite na kumrushia "Si uingie!" kama mtu anayemwaga maji machafu. Hapo ndipo alipoingia, taratibu, bila kunung'unika. Na huko kutonung'unika ndiko kulikomchoma binti kuliko yote. Si angefoka! Si angepiga japo teke moja, ijulikane kwamba ni yule yule!

Mtaa hauna siri. Jioni moja mchungaji alikuja, mlango ukaachwa wazi kwa heshima yake, akapewa kiti kando ya cherehani.

"Binti yangu," alianza, "baba yako si yule wa zamani. Mungu ameshafuta."

"Amefuta? Na mkono huu je, aliuruka?"

"Hasira itakuangamiza, binti. Jumapili upite mbele, umkumbatie, kanisa lishuhudie. Mzee amekomaa kiroho. Bado wewe tu."

"Bado mimi tu!" Mkasi uligonga meza. "Yeye anavunja, mimi ndiye nipite mbele nitengenezwe?"

"Hodi," ikasikika nje.

Fundi alikuwa amesimama kwenye ngazi, na uso wake ulionyesha kwamba amesikia.

"Mchungaji!" Ilikuwa sauti ile ya zamani. Mgongo wa binti ukatafuta ukuta wenyewe. "Toka humo. Mwache mwanangu. Usimfanye ngazi ya mimi kupandia mbinguni!"

"Lakini mzee, tunakusaidia wewe..."

"Mimi nimemfundisha mtoto kuogopa mlango. Nikisimama hapa mpaka nife haitatosha. Kumbatio la kulazimishwa ni teke lile lile, limevaa suti tu. Toka!"

Mchungaji akatoka, akijibanza ukutani ili apite. Mlango ukabaki wazi kabisa. Fundi alihema kama mvukuto wa mhunzi, lakini unyayo wake haukuvuka kizingiti. Binti aliitazama hasira ile. Aliijua vizuri. Hakuwahi kuiona ikisimama nje, ikingoja.

"Karibu," akasema, kwa ukali wa mtu anayefukuza kuku. "Na usidhani nimekusamehe."

"Sijadhani, mama."

Tangu hapo, siku nyingine binti aliitikia, siku nyingine alinyamaza. Hasira yake haikuisha, na baba hakuiuliza itaisha lini. Alizeeka na hodi yake. Mwishowe moshi wa kazi uliomjaa mapafuni ukamlaza. Binti alimwuguza kwa uso uliokunjamana, akiingia chumbani mwake bila kubisha, akitua bakuli kwa kishindo, akimgeuza ubavu kwa mkono ulio mzima na kumwegemeza kwa ule usionyooka.

Jioni moja, akiwa na bakuli la supu, miguu yake ilisita nje ya chumba kile. Mwenyewe hakujua kwa nini. Alikasirika hata na miguu.

"Hodi," akasema.

Pumzi zilikwaruza huko ndani, zikakatika, zikaanza tena. Kisha baba akajibu; kulipambazuka ameshafariki, kwa hiyo jibu lile ndilo neno la mwisho alilomwambia bintiye.

"Ingia tu, mama. Wewe hukuvunja mlango wa mtu."